Kinyonga Aliyeshiba Naye Hupata Matege

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki na ya Kati, kinyonga hana rafiki. Mtoto akimwona juu ya tawi la mpera hurudi nyuma. Mama akimkuta njiani hupita kando. Mzee aliyekaa barazani hukumbusha ile hadithi ijulikanayo na makabila kadhaa ya Kibantu, ya kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa kuwaletea wanadamu habari ya uzima, akachelewa kwa mwendo wake wa kusitasita, hata mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Wengine husadiki kwamba ana sumu. Hana. Hana sumu ya meno wala ya ngozi. Wala hana silaha yo yote ila rangi yake, makucha yake na subira yake.

Ng'ambo ya bahari mambo ni kinyume. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wamfugao kinyonga nyumbani kama wengine wafugavyo kasuku. Humjengea kizimba, humpandia mimea, na humnunulia wadudu kwa fedha. Na hata hivyo, vinyonga wengi hufa mikononi mwa watu wawapendao. Aghalabu hawafi kwa njaa. Hufa tumbo likiwa limejaa, kwa sababu mifupa imelainika au figo zimeharibika kwa kiu ya muda mrefu. Mfugaji hushangaa, kwa kuwa jana tu mnyama wake alikula vizuri. Hakujua kwamba kinyonga hahitaji chakula peke yake. Ahitaji pia jua, umande na majani, na asipovipata vyote pamoja, chakula chenyewe hakimfai kitu.

Maelezo yafuatayo yahusu jinsi ya kumpatia kinyonga mahitaji hayo akiwa chini ya dari la nyumba.

JAMAA ZA KINYONGA

Kinyonga, ambaye watu wa pwani humwita pia lumbwi na Waganda nnawolovu, ni wa jamii ya mijusi. Aina zake zijulikanazo na wataalamu zapita 200, na karibu nusu yake hupatikana katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Zilizobaki nyingi zimo barani Afrika, hasa katika milima ya mashariki. Mwaka 2006 wataalamu walipolitenga kundi moja la vinyonga wa milima hii, walilipa jina la kisayansi la Kinyongia, neno lililotoka moja kwa moja katika Kiswahili.

Wafugwao zaidi majumbani ni wa aina tatu. Wa kwanza ni kinyonga wa Yemeni, mwenye upanga mrefu wa mfupa kichwani kama kofia, naye ndiye mstahimilivu kuliko wenzake. Wa pili ni kinyonga chui wa Madagaska, maarufu kwa rangi zake. Wa tatu ni kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru wa Tanzania. Huyu aitwa kinyonga wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda tangu 1911 hadi 1918. Yuko na ndugu yake mwenye pembe tatu pia katika milima ya Rwenzori, na katika misitu ya milimani ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Huyo alipewa jina la Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Uingereza huko Uganda.

Kila mmoja ana nchi yake na hali yake ya hewa. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mfugaji apaswa kujiuliza ni hili: mnyama huyu ametoka wapi, na huko kwao jua, usiku na mvua vikoje?

MIALE ISIYOONEKANA

Nuru ya jua ina mambo matatu yamfaayo kinyonga. Jambo la kwanza ni mwanga uonekanao, ambao humwezesha kuona windo na kulilenga. La pili ni joto. Kinyonga hawezi kujipasha moto kwa nguvu za mwili wake kama ng'ombe au mtu awezavyo. Hana budi kuota jua ndipo tumbo lake liweze kusaga chakula. La tatu ni miale isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, iitwayo miale ya urujuanimno.

Miale hiyo imegawanyika katika aina A, B na C. Aina ya C huishia angani wala haitufikii. Aina ya A huonwa na macho ya kinyonga mwenyewe, nayo humsaidia kutambua chakula na vinyonga wenzake. Aina ya B ndiyo kiini cha habari hii.

Miale ya B ipigapo ngozi ya kinyonga, hugeuza aina fulani ya mafuta iliyomo ndani ya ngozi hiyo. Kisha joto la mwili humalizia kuyageuza mafuta hayo yawe vitamini D. Ini na figo nazo huishughulikia vitamini hiyo mpaka iwe tayari kufanya kazi. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu, ambayo ndiyo madini yaimarishayo mifupa. Pasipo vitamini D, kinyonga aweza kulishwa kalsiamu asubuhi na jioni, nayo ikapita tumboni na kutoka bila kumfaa.

Lakini damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa kuwa moyo, misuli na mishipa ya fahamu huihitaji kila dakika. Mwili usipoipata katika chakula huichota katika mifupa. Mifupa ni ghala. Na ghala lichotwalo kila siku pasipo kujazwa, mwisho wake hujulikana.

Maradhi haya si mageni kwa wanadamu. Watoto wayapatapo, watu husema wana matege. Katika miji ya viwanda ya Ulaya, ambako moshi na majumba marefu yalilifunika jua, watoto wengi walipindika miguu. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa mji wa Berlin aliwaweka watoto wenye matege mbele ya taa itoayo miale ya urujuanimno, na mifupa yao ikaanza kukaza tena. Taa iwekwayo leo juu ya kizimba cha kinyonga yafuata kanuni ile ile.

DIRISHA LA KIOO LADANGANYA

Kosa litendwalo na wengi ni kumweka kinyonga karibu na dirisha lililofungwa. Jua laingia, majani yang'aa, na mnyama aonekana akiota kwa raha. Mfugaji huridhika. Kumbe kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya aina ya B. Kinyonga huyo aota joto tupu.

Kosa hili huwa baya zaidi ikiwa kinyonga mwenyewe amewekwa ndani ya sanduku la kioo. Jua likilipiga sanduku hilo, joto lake hupanda upesi kuliko mtu adhaniavyo, na kwa muda mfupi mnyama aweza kufa kwa joto huku miale ya B haijamfikia hata kidogo.

DALILI ZA MATEGE YA KINYONGA

Kinyonga ni hodari wa kuficha ugonjwa. Porini mnyama aonyeshaye udhaifu huliwa, na desturi hiyo hakuiacha alipoletwa nyumbani. Kwa hiyo mfugaji asingoje aanguke. Amtazame kila siku kwa makini.

Dalili za mwanzo ni ndogo. Mkono hutetemeka kidogo anapoushika mti. Hupanda kwa shida mahali alipokuwa akipanda bila taabu. Ulimi, ambao kwa kawaida huruka mbali kupita urefu wa mwili wake, sasa hupungukiwa. Alenga panzi na kumkosa, alenga tena, kisha akata tamaa. Mfugaji asiyejua husema, "Leo hana njaa." Baadaye miguu hupindika mithili ya upinde, taya hulegea na mdomo haufungi sawasawa, uti wa mgongo hupinda, na mfupa waweza kuvunjika kwa kushikwa tu. Mwishowe hawezi kukaa mtini, bali hulala chini ya kizimba.

Kwa kinyonga mchanga, ambaye mifupa yake yakua kila siku, mambo haya yaweza kutokea katika majuma machache. Kwa mkubwa huchukua miezi mingi. Daktari wa wanyama aweza kuusimamisha ugonjwa kwa kumpa kalsiamu na kuagiza taa ifaayo, lakini mfupa uliokwisha kupindika aghalabu hubaki umepindika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kinyonga ukuta huu haujengeki upya.

KUCHAGUA TAA NA KUITUNZA

Balbu ya kawaida hutoa mwanga na joto. Haitoi miale ya B. Taa za LED za kawaida nazo, ingawa hung'aa sana, hazina miale hiyo. Ahitajiwaye kuitoa ni taa maalumu itengenezwayo kwa ajili ya wanyama watambaao. Iliyo bora kwa kinyonga ni ile ya tyubu ndefu, kwa sababu huangaza eneo pana la kizimba, na mnyama hupata nafasi ya kutembea ndani ya mwanga. Zile ndogo zilizojisokota huangaza mahali padogo tu, hivi kwamba kinyonga akisogea hatua chache amekwisha kutoka nje ya miale.

Yako mambo manne ambayo mfugaji apaswa kuyazingatia:

Kwanza, taa isiwekwe nyuma ya kioo wala plastiki. Hata wavu wa waya ulio juu ya kizimba waweza kuzuia theluthi moja ya miale au zaidi, kadiri ya wembamba wa matundu yake.

Pili, umbali upimwe. Miale hupungua upesi kila taa iendapo mbali. Tawi la kuotea liwe chini ya taa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kwa tyubu nyingi ni kama sentimeta 15 hadi 30 toka mgongo wa mnyama. Mwenye uwezo na anunue kifaa cha kupimia miale. Kwa vinyonga wengi, kipimo cha karibu 3 kwenye tawi la kuotea chatosha.

Tatu, taa huzeeka bila kuonekana. Hili ndilo lililowaua wengi. Tyubu huendelea kuwaka na kung'aa kama siku iliponunuliwa, kumbe miale ya B imekwisha kufifia. Tyubu nyingi zahitaji kubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12. Mfugaji mwangalifu huandika tarehe ya kuifunga kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kando ya taa, ili asitegemee kumbukumbu.

Nne, taa iwashwe kwa muda wa saa 12 na kuzimwa saa 12. Kinyonga wa karibu na Ikweta amezoea mchana na usiku vilivyo sawa mwaka mzima. Usiku apate giza kamili, kwani taa za rangi ziwashwazo usiku humharibia usingizi. Kwa wale wakaao Ulaya, ambako usiku wa kipupwe ni mrefu kupita kiasi, swichi ya saa huwaondolea usumbufu.

Taa ya joto ni jambo la pembeni, nayo iwe peke yake. Isikaribie tawi. Kinyonga aliyehisi baridi huinua mgongo wake karibu na balbu na kuungua bila kusogea. Mfugaji na aweke mkono wake juu ya tawi lile kwa dakika chache. Kama mkono waumia, mgongo wa kinyonga utaungua.

KINYONGA HUJIPIMIA MWENYEWE

Je, miale ikizidi? Jambo hili lilichunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu kimoja cha Texas, Marekani, pamoja na wenzao, nao wakatangaza matokeo yao mwaka 2009. Walichukua vinyonga chui wakawapa wengine chakula chenye vitamini D kidogo, na wengine chenye vitamini hiyo nyingi. Kisha wakawaacha wachague wenyewe kukaa katika miale au kujitenga nayo. Wale waliopungukiwa walikwenda kuota zaidi; wale waliokuwa nayo ya kutosha walijiepusha. Hakuna aliyewafundisha.

Fundisho lake ni kubwa kwa kila mfugaji. Kinyonga anajua kipimo chake kuliko mtu. Kazi ya mtu ni kumpa nafasi ya kuchagua. Kizimba kilichoangazwa pembe zote ni gereza, sawasawa na kizimba cha giza. Upande mmoja uwe na tawi lililo wazi chini ya taa. Upande mwingine uwe na majani mazito ya kujifichia. Na katikati kuwe na njia ya matawi ya kwenda na kurudi. Mnyama ataota asubuhi, ataingia kivulini mchana, na atatoka tena apendapo.

Ikumbukwe pia kwamba vitamini D iliyotengenezwa na ngozi haimdhuru mnyama kwa kuzidi, kwa sababu miale yenyewe huivunja ile ya ziada. Ile ya unga, itiwayo katika chakula, haina kizuizi hicho. Ikizidi huwa sumu.

JUA LA BURE

Aishiye Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, mwenye kibali cha kufuga, ana utajiri ambao mfugaji wa London hana. Jua liko juu ya paa lake. Kizimba cha wavu kikitolewa nje kwa saa kadhaa, nusu kikiwa juani na nusu kivulini, chafanya kazi kuliko tyubu yo yote. Lakini jua la mchana la nchi hizi ni kali mno, na kinyonga asiyepata kivuli hufa. Tena miguu ya kizimba isimamishwe ndani ya mikebe yenye maji, kwani siafu wakimkuta mnyama aliyefungiwa hawamwachi. Paka, kunguru na mwewe nao wasisahauliwe.

JOTO LA MCHANA NA BARIDI YA USIKU

Wengi hudhani kwamba kinyonga, madhali ni mnyama wa Afrika, hupenda joto wakati wote. Si kweli. Kinyonga wa Jackson hukaa katika nyanda za juu, ambako usiku watu hujifunika mablanketi. Mchana yamtosha nyuzi 21 hadi 26 za Selsiasi, na tawi la kuotea lisipite nyuzi 29. Usiku ahitaji ubaridi, nyuzi 10 hadi 18. Akinyimwa ubaridi huo hudhoofika. Kinyonga wa Yemeni hustahimili zaidi. Tawi lake la kuotea laweza kufikia nyuzi 32, lakini naye usiku hufaidika na ubaridi.

Rangi humwambia mfugaji mengi. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga chui hubadili rangi kwa kusogeza chembe ndogo mno za fuwele zilizomo ndani ya ngozi, akizikaribisha au kuzitenganisha. Hafanyi hivyo ili afanane na kila kitu anachokikalia, kama watu wasemavyo. Mabadiliko yake makubwa hutokana na baridi, joto, hasira, hofu na maradhi. Aliye mweusi asubuhi aweza kuwa anatafuta joto tu. Aliye mweusi siku nzima ana shida. Aliyepauka na kuachama kinywa amezidiwa na joto.

MAJI YA MATONE

Bakuli la maji halimfai kinyonga. Aghalabu hayatambui maji yaliyotulia. Porini hunywa umande na matone ya mvua yaning'iniayo majanini, na nyumbani hana budi kupata vivyo hivyo. Majani yanyunyiziwe alfajiri na jioni kwa chupa ya kunyunyizia, kwa dakika kadhaa, si kwa mpulizo mmoja. Kopo lililotobolewa tundu dogo na kuwekwa juu ya kizimba, litoe tone moja moja juu ya majani, lamfaa sana. Chini yake pawekwe chombo cha kukinga maji.

Kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine kizimba kikauke. Kizimba kilowacho siku nzima bila hewa huzaa ukungu, na mapafu ya kinyonga huugua. Ndiyo maana wavu hushinda kioo.

Kiu hujulikana kwa macho yaliyozama ndani na kwa kinyesi. Sehemu ile ya mkojo ulioganda ikiwa nyeupe, maji yatosha. Ikiwa ya rangi ya chungwa, maji yamepungua. Kiu ya muda mrefu huharibu figo, na figo zikiharibika hapana taa wala unga utakaomsaidia.

CHAKULA NA UNGA

Kinyonga hula wadudu walio hai: nyenje, panzi, nzige, mende wafugwao na viwavi wa hariri. Mdudu asipite upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Mchanga hulishwa kila siku. Mkubwa hutosheka na wadudu wachache kila baada ya siku moja au mbili. Kumnenepesha si kumpenda.

Mdudu mwenyewe apewe chakula bora siku moja kabla: majani ya mboga, karoti, matunda. Kisha apakwe unga mwepesi wa kalsiamu usio na vitamini D, kwa kuwa wadudu wengi hupungukiwa na kalsiamu. Unga wenye vitamini mbalimbali hutolewa mara mbili kwa mwezi kwa kinyonga wa Yemeni na chui, na kwa uangalifu zaidi kwa wa Jackson, ambaye vitamini zikizidi huvimba shingo.

Wadudu waliookotwa bustanini iliyopigwa dawa ni hatari. Vimulimuli wasitolewe kabisa, kwani baadhi yao wana sumu iuayo mijusi.

KIZIMBA CHA MPWEKE

Kinyonga ni mnyama wa upweke. Kila mmoja apate kizimba chake, na wasionane. Hata kioo cha kujitazamia chaweza kumsumbua kwa kudhani amemwona adui. Kwa mkubwa, kizimba kisipungue sentimeta 60 kwa 60, na kimo cha 120, kikiwekwa juu ili asitazamwe na watu kutoka juu, jinsi ndege mlaji amtazamavyo. Mimea iliyo hai, kama vile haibiskasi, ndiyo iliyo bora, kwani humpa kivuli na kushika matone.

Watoto wafundishwe kumpenda kwa macho. Kumshikashika humtia hofu, na hofu ya kila siku hudhoofisha mwili.

Afugaye jike la Yemeni na ajue kwamba hutaga mayai hata pasipo dume. Akikosa mchanga wenye unyevu, wa kina cha sentimeta 30 hivi, ambamo atachimba shimo, huyazuia mayai tumboni na kufa nayo. Jike la Jackson halitagi. Huzaa watoto walio hai.

VINYONGA WALIOPONA BUSTANINI

Mwaka 1972 vinyonga kadhaa wa Jackson walisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu katika visiwa vya Hawaii, kwa mfanya biashara wa wanyama wa kufuga. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari. Mtu yule akawaachia bustanini kwake wapate nguvu. Hapakuwa na tyubu wala unga. Palikuwa na jua, mvua, majani na wadudu. Vinyonga walipona, wakapotea mitini, wakazaana. Siku hizi wameenea katika visiwa kadhaa vya huko.

Kisa hiki chaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kinyonga hakuhitaji maajabu ili apone; alihitaji hali ya kwao. La pili ni onyo. Katika visiwa hivyo vinyonga hula wadudu na konokono wa asili wasiopatikana penginepo duniani, na kilichokuwa huruma kwa wachache kimekuwa hasara kwa viumbe wengine. Kinyonga wa kigeni asiachiliwe porini kamwe.

Vilevile asitolewe porini ovyo. Tangu mwaka 1977 biashara ya vinyonga kati ya nchi na nchi imekuwa chini ya mkataba wa kimataifa, na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Atakaye kufuga yampasa apate kibali cha idara ya wanyamapori ya nchi yake, na amchague mnyama aliyezaliwa kizimbani. Aliyekamatwa msituni huja na minyoo na hofu, na wengi wao hawamalizi mwaka.

Basi, anayetaka kumleta kinyonga nyumbani na aanze na kizimba kabla ya mnyama. Afunge taa, aandike tarehe yake, apime joto la tawi, apande majani, atoboe kopo la matone, na auache mfumo huo ufanye kazi kwa juma moja. Kama vyote vimesimama sawasawa, mnyama na aje. Kama havikusimama, ni heri kinyonga abaki kwenye mpera wake, ambako jua humfikia bila kupita kiooni, na ambako mtoto wa nyumba aweza kusimama chini na kumtazama bila kumrushia jiwe.